Filimbi Ndogo Iliyotoka Kanisani

Saa mbili asubuhi. Mlango wa chumba kidogo nyuma ya kanisa unafungwa kwa ndani. Mwanamke anavua gauni lake la nyumbani, analikunja, analitia kwenye mfuko na kuutundika juu, karibu na dari. Anavaa suruali ya kazi na shati la mikono mirefu. Nywele zote zinaingia ndani ya kitambaa. Pete ya ndoa anaiacha kwenye kikombe. Mwisho kabisa anachukua barakoa nene, yenye vichujio viwili kama mashavu ya mtu aliyejaza chakula mdomoni.

"Wanaopita huniuliza, mama, unakwenda mwezini?" anasema kabla hajaivaa. "Nawaambia la, nakwenda hapo ndani tu. Ila jioni nataka kurudi kwangu nikiwa peke yangu, nisifuatane na vumbi."

Waimbaji wa kwaya wamempa jina la Mama Mivukuto. Ni fundi wa kinanda kikubwa cha kanisa, kile cha mabomba yaliyosimama ukutani. Kinanda hiki hakina spika, kinapumua. Chini yake kuna mivukuto ya mbao na ngozi inayosukuma upepo, na upepo huo hupanda kwenye mabomba. Mafundi huyaita filimbi. Kila filimbi ina sauti moja tu iliyopewa. Ndefu kuliko zote hapa ina kimo cha watu watatu waliobebana. Fupi kuliko zote unaificha kiganjani.

Zote zinapita elfu moja na mia saba, na leo nyingi bado zimelala. Zimepangwa juu ya viti vya waumini na kufunikwa nailoni nzito, kila moja na kibandiko chake. Ukiingia bila kuambiwa unaweza kudhani kuna msiba.

Kinanda kilinyamaza zamani. Paa lilivuja, maji yakaingia kwenye mbao, panya wakatafuna ngozi za mivukuto. Waumini waliokua baada ya hapo walikijua kama pambo tu. Walipoamua kuchanga ili kijengwe upya, kazi alipewa mzee mmoja aliyekuwa akikihudumia tangu ujana wake, pamoja na mkwewe.

Mkwe huyo ndiye Mama Mivukuto. Mzee ni baba wa mumewe, na kila mtu humwita Babu.

"Mwanangu mwenyewe hana sikio," Babu anasema, akimaanisha mume wa fundi, ambaye ni dereva wa lori na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. "Anasikia injini tu. Mungu akaniletea mkwe. Siku ya kwanza kumpa patasi nikamwona anavyoishika, nikasema huyu hatapika tu hapa nyumbani."

"Na kupika napika, baba," mkwewe anamjibu.

"Unapika. Chumvi ndiyo hujaijulia."

Wanacheka kidogo, wote wawili. Hawacheki sana siku hizi.

Babu haruhusiwi kusogelea filimbi. Anakaa kwenye benchi karibu na mlango mkubwa, mikono juu ya magoti, na mikono hiyo inatetemeka. Kazi yake ni kusikiliza. Mama Mivukuto anaweka filimbi juu ya kisanduku, anakanyaga kiriba kidogo alichokitengeneza mwenyewe, upepo unaingia, filimbi inalia. Babu anainua kidole au anatikisa kichwa.

"Hiyo ina mafua," anasema. "Fungua mdomo wake kidogo. Kidogo, mama. Usiichane."

Zamani hakukuwa na kiriba. Fundi alichukua filimbi, akautia mdomoni mguu wake, yaani ile ncha ya chini, akapuliza. Ndivyo Babu alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha. Pumzi ya mtu, walisema, haidanganyi filimbi. Amepuliza hivyo maisha yake yote ya kazi, filimbi baada ya filimbi, na saa ya kula akila kwa mikono ile ile.

Filimbi za chuma za kinanda hiki zimetengenezwa kwa bati na madini ya risasi. Risasi ni laini, inakunjika, inatoa sauti ya upole. Tena ni sumu. Filimbi ikikaa miaka mingi juu ya mbao zenye unyevu, mguuni huota ungaunga mweupe kama chaki. Mafundi wa zamani waliufuta kwa kiganja na kuendelea.

Walikuwa na desturi nyingine pia. Filimbi ndogo ikiharibika kiasi cha kutorudishwa, fundi aliipeleka nyumbani kwa mtoto. Mtoto wa fundi wa kinanda alijulikana mtaani kwa filimbi yake. Babu alipewa na baba yake. Mume wa Mama Mivukuto alipewa na Babu. Na kazi hii mpya ilipoanza, siku walipoteremsha safu ya juu, Babu alikuta filimbi ya mwisho kabisa, ile ya kibao cha kubonyezea kilicho mwisho mkono wa kulia, imepondeka. Akaitia mfukoni.

Mjukuu wake alikuwa na miaka minne. Walimwita Kasuku, kwa sababu hakuna neno lililopita masikioni mwake akaliacha liende zake. Alimwiga muuza mkaa, alimwiga mwalimu wa kwaya, alimwiga babu yake akikohoa. Usiku walimwomba anyamaze ili walale.

Babu alitoboa ile filimbi pembeni, akapitisha uzi, akamvika shingoni.

"Sikuona ubaya," Mama Mivukuto anasema. "Nilifurahi. Nilijiambia, mtoto wangu naye amekuwa mtoto wa fundi."

Kasuku aliipuliza kutwa. Asipoipuliza aliinyonya. Alilala nayo.

Kilichofuata hakikuja kwa kishindo, na hapo ndipo mzazi anapodanganyika. Kwanza mtoto alikataa chakula. Tumbo likamuuma, wakampa dawa ya minyoo. Kisha akawa hapati choo, wakampa mapapai. Akawa mkali, anauma wenzake, wakasema ameharibiwa na kudekezwa. Kisha akapungua maneno.

"Asubuhi moja aliniomba maji kwa kunionyesha kikombe kwa kidole," mama yake anasimulia. "Nikamwambia, sema, nataka maji. Akaniangalia. Nikamfokea. Nilimfokea mtoto mgonjwa, nikidhani ni kiburi."

Hospitali walikwenda mara tatu. Daktari aliuliza kama nyumbani kuna mtu anayetengeneza betri, au kama kuta zina rangi ya zamani inayobanduka. Wakasema hakuna. Hawakusema uongo. Hakuna aliyewauliza habari za kinanda, na wao kinanda hawakukihesabu kuwa kitu cha kuogopwa. Ni kitu cha kanisani.

Mara ya tatu, wakiwa kwenye foleni, Kasuku alitoa filimbi chini ya blauzi akaanza kuinyonya. Muuguzi aliyekuwa akipita na sahani ya sindano akasimama.

"Mama, hicho anachonyonya ni nini?"

"Filimbi ya babu yake."

"Ya plastiki?"

"Ya kanisani."

Muuguzi akainama, akaiangalia bila kuigusa. "Mbona anainyonya kama peremende?"

Mama Mivukuto anasema swali hilo lilimtoka muuguzi kama mzaha. Yeye aliichukua filimbi kutoka mdomoni mwa mtoto, na kabla hajafikiri, akaigusisha ulimini.

"Ilikuwa tamu," anasema. "Utamu wa mbali, kama kijiko kilichokoroga chai kikasahauliwa. Ndipo nilipoelewa kwa nini haitoi. Nilipata baridi, palepale, kwenye lile joto."

Ule unga mweupe una utamu. Msomaji asijaribu kuthibitisha. Fundi huyu amekwisha kuthibitisha kwa niaba yetu sote, na daktari alimgombeza kwa hilo.

Damu ilipopimwa, risasi ndani ya mwili wa Kasuku ilikuwa zaidi ya mara kumi ya kiasi cha kumshtua daktari. Mama yake naye alikuwa nayo, kidogo zaidi ya salama. Babu, aliyepelekwa kwa kubembelezwa, ndiye aliyewazidi wote. Ile mikono inayotetemeka, ambayo miaka yote waliiita uzee, ikapata jina lake.

Mtoto alilazwa, akapewa dawa ya kuitoa risasi damuni. Nyumbani ilibidi mtu amwambie Babu chanzo chake. Mume alikuwa safarini. Si jambo rahisi mke wa mwana kumkalisha baba mkwe na kumwambia kwamba zawadi yake ndiyo iliyomlaza mjukuu. Alipiga magoti kwanza, ndipo akasema.

Babu aliuliza:

"Ile ndogo?"

"Ile ndogo, baba."

"Niliifuta kwa leso kabla ya kumpa."

"Najua, baba."

"Niliifuta vizuri."

Kesho yake Babu alifunga zana zake ndani ya gunia na kusema kinanda na kife. Shangazi za mtoto walikuja na neno hilo hilo: fundi aache kazi, filimbi zikatupwe. Malipo yenyewe huja kwa mafungu, kadiri waumini wanavyochanga, na kuna miezi hayaji.

Mama Mivukuto alitaka kukubali. Lakini alirudi kanisani kuchukua ndoo yake, akakuta watoto wa shule ya Jumapili wako kati ya viti. Wameinua nailoni. Kila mmoja ana filimbi mdomoni, wanapanga kwaya.

"Niliwanyang'anya moja moja, huku nikilia," anasema. "Wakadhani nina wazimu. Nikawapeleka bombani, nikawaosha mikono na midomo kwa sabuni mpaka wakalalamika. Hapo nikajua siwezi kuacha. Ningeziacha pale, nani angezilinda? Na zikitupwa, zinatupwa wapi ambako hakuna mtoto? Filimbi mahali pake salama ni pale juu, imesimama, haifikiwi na mkono. Njia ya kuzipandisha ni kumaliza kazi."

Akaendelea kwa masharti yake, na Babu akakubali kurudi kusikiliza tu. Kanisa lilifungwa kwa watoto, ibada zikahamia ukumbini. Hakuna kufagia, maana ufagio hurusha vumbi. Ni kitambaa chenye maji, na maji yake hayamwagwi uani. Hakuna kula ndani. Hakuna filimbi inayogusa mdomo. Nguo za kazi zinafuliwa palepale, katika beseni la kazi hiyo tu. Jioni anaoga, anavaa gauni lake, ndipo anakwenda nyumbani.

Mwalimu wa kwaya alimtania kwamba anawaingiza kanisani kama wanaingia chumba cha upasuaji.

"Nicheke," alimjibu. "Ila nicheke ukiwa umenawa."

Mzazi unayesoma hapa huenda huna kinanda, wala hujawahi kukiona. Lakini nyumbani kwako kuna mtu anayerudi kutoka kazini. Anayeyusha betri, anachoma nyaya, anakwangua rangi, anapiga lehemu. Mtoto anamkimbilia mlangoni na yeye anamnyanyua na nguo zile zile, kwa mapenzi. Mwambie anawe kwanza, abadili nguo kwanza. Mtoto atalia dakika mbili kwa kunyimwa kubebwa. Mama Mivukuto anasema angetoa kila alichonacho apate kilio cha namna hiyo.

Kasuku alitoka hospitali amepata nguvu ya mwili. Maneno yamerudi machache, tena kwa kujikokota. Daktari amewaambia ukweli: mengine yatarudi, mengine hayajulikani. Hajawahi kuuliza habari za filimbi yake. Lakini kwa muda alimkwepa Babu, na Babu, ambaye sasa hunawa mpaka viwiko kabla ya kumkaribia, hakumlazimisha.

Leo ni Jumamosi. Safu ile ya juu ya filimbi imekuwa ya kwanza kusimama tena mahali pake na kujaribiwa. Sakafu imepigwa deki tangu juzi, vibao vya kubonyezea vimefutwa mara kadhaa, na viti vya mbele havina kitu. Kwa mara ya kwanza tangu augue, mtoto ameletwa. Baba yake, dereva, amembeba hadi kwenye kiti cha mpigaji na kumpakata.

"Anza huku," anamwambia, akimwonyesha upande wa kushoto.

Kasuku anabonyeza. Sauti nene inapanda kutoka ukutani hadi ubavuni mwa mtu. Mtoto anashtuka, anamtazama mama yake, anabonyeza tena. Anasogea kulia, kibao kwa kibao, sauti zikizidi kuwa nyembamba. Benchini karibu na mlango, Babu amefumba macho.

Anafika kibao cha mwisho. Anabonyeza. Kimya.

Filimbi ya hapo haipo. Ile ya zamani ilichukuliwa na hospitali, na Mama Mivukuto ameliziba tundu lake kwa kipande cha mti. Filimbi mpya tayari ameitengeneza. Imefungwa kwenye boksi, hajaipandisha. Anasema ataipandisha siku vipimo vya damu ya mtoto vitakapoonyesha kiasi ambacho daktari hatakunja uso. Kipimo kingine ni mwezi ujao. Akimaliza hapa, anataka kuzunguka kwa mafundi wa betri na wa lehemu wa mtaani kwao, awaonyeshe beseni, sabuni na namna ya kubadili nguo mlangoni.

Kasuku anabonyeza kibao kile mara ya pili. Anasubiri. Anageuka, anamtafuta Babu kwa macho hadi kule mlangoni.

"Babu," anaita, polepole. "Huyu bado."

Mzee anafumbua macho. Anainua kidole, kama anavyofanya filimbi inapolia sawasawa.