Pangaboi la Chumba cha Mama

Mama alishuka mjini Jumapili moja ya mwezi wa pili, joto la Moshi likiwa kwenye kilele, na begi moja, mkungu wa ndizi na blanketi mbili nzito. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na daktari alitaka akae karibu kwa wiki sita. Maagizo niliyabandika kwenye mlango wa friji: matone mara nne kwa siku, asiiname, asikae karibu na moshi wa kuni, na kila mchana baada ya kula alale chali saa nzima.

Nyumbani kwetu Old Moshi, juu mlimani, hayo yote yasingewezekana. Namfahamu. Siku ya pili tu angekuwa ameinama chini ya ng'ombe na ndoo yake.

Blanketi nilizikunja nikazipandisha juu ya kabati, nikamtandikia shuka nyepesi. Nani anajifunika blanketi Moshi mjini mwezi wa pili?

Jumanne alikuja sebuleni akijipepea na kadi ya kliniki.

"Nyie mnaishi ndani ya chungu kilichofunikwa," alisema. "Sijalala tangu nimekuja. Jumamosi napanda."

"Mama, na jicho?"

"Jicho nitapanda nalo."

Mtu ambaye halali mchana hafuati maagizo, na mtu aliyepanda kwake hayafuati kabisa. Nilikuwa na siku nne. Jioni ileile nilinunua pangaboi, na Jumatano asubuhi nikamwita fundi umeme wa mtaani kwetu, mwanaume wa makamo anayetembea na ngazi yake begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wa wapi wewe?"

"Wa Mkuu, Rombo."

"Mrombo! Na umeme mnaujua?"

"Tunaujua mama. Nyie wa Old Moshi tuliwaachia kusoma tu."

Mama alicheka mpaka akashika kikinga cha jicho kisidondoke.

Fundi alizima meinswichi kwanza, kisha akagusa nyaya kwa testa kuhakikisha. Alipofungua swichi ya ukutani nikaona nyaya mbili nyekundu. Moja inaleta umeme, nyingine inaupeleka juu kwenye balbu. "Swichi ni mlango tu," alinieleza. "Ukifungua unapita, ukifunga unakaa." Kisha akapanda darini, kwa sababu silingibodi haiwezi kubeba pangaboi, akafunga ubao mnene kati ya mbao mbili za kenchi na kuning'iniza feni hapo. Nyaya za feni akaziunga palepale zilipo za balbu: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na ile ya kijani kwa yake. Alipowasha, balbu na pangaboi viliitika pamoja. Tulipiga makofi.

Mchana Mama akaenda kulala. Baada ya dakika kumi nikamkuta amekaa kitandani, chumba kimetulia, jasho linamtoka.

"Mbona umezima?"

"Taa inanichoma jicho."

"Basi zima taa."

"Nimezima. Na upepo ukaondoka."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Swichi moja, vitu viwili: ama alale na balbu usoni, ama azime vyote abaki na joto. Watu wazima wawili, na hakuna aliyeliwaza hilo asubuhi. Mlimani kwetu hatukui na mapangaboi. Hatujui kwamba mtu hulala likiwa linazunguka.

Alhamisi fundi alirudi. Mimi nilikuwa tayari kuchomoa balbu tu na kuyamaliza, akakataa.

"Ukichomoa balbu, feni itakimbia mwendo mmoja mpaka mwisho. Regyuleta yako ya kupunguza mwendo bado iko kwenye boksi. Nikiiweka ukutani na balbu ikabaki, balbu nayo itakuwa inasinzia."

Tulijaribu kupitisha waya mwingine ili balbu ipate swichi yake, lakini aliyejenga nyumba alikuwa ameziba bomba kwa saruji. Basi balbu ikaondolewa kabisa kwenye ile njia, regyuleta ikakaa kando ya swichi, na Mama nikamnunulia taa ndogo ya mezani. Regyuleta ina namba moja mpaka tano. Niliiweka mbili, nikaiita namba ya wagonjwa.

"Imekaa vizuri?" niliuliza.

"Imekaa," alisema Mama, kwa sauti ile anayotumia kusifu chai ya watu.

Hakulala. Ijumaa asubuhi nilimkuta anapanga nguo kwenye begi, taratibu, bila kuinama, kama alivyoagizwa na daktari.

"Joto limepungua, mama."

"Limepungua. Usingizi ndio haujaja."

Baada ya chakula aliingia chumbani na kufunga mlango. Punde nikasikia pangaboi linanguruma hadi mlango unatikisika, nikadhani regyuleta imeungua. Niliusukuma mlango polepole. Namba tano. Mapazia yanapepea. Kiti kimesogezwa kwenye kabati, na juu ya kabati hakuna kitu. Mama amelala chali chini ya blanketi zote mbili, zimevutwa hadi kidevuni, kikinga kiko mahali pake, anakoroma.

Aliamka saa kumi.

"Umepanda kwenye kiti na jicho hilo?"

"Sikuinama," alisema. "Wewe ndiye uliyenificha blanketi. Miaka yote nalala chini ya uzito, leo unanipa kipande cha shuka kama mtoto mchanga. Mtu atajuaje kwamba amelala?"

"Lakini namba tano, mama!"

"Hiyo mbili yako haitoshi hata kupepea mkaa. Hii ndiyo baridi ya nyumbani."

Jumamosi ilifika. Saa tatu fundi alipita kuchukua bisibisi aliyoisahau, akakuta Mama anakunywa chai.

"Kumbe mama hujapanda?"

"Nipande wapi na joto hili?" Mama alimjibu. "Kaa unywe chai, Mrombo."

Mimi nilienda chumbani kuzima pangaboi lililokuwa likizunguka juu ya kitanda kitupu. Begi lilikuwa chini ya kitanda. Nililinyanyua kwa kidole kimoja.