Kidole Tumbo Changu Kilitolewa Nikiwa kwa Mama

Daktari alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Dada, hiki kidole tumbo tulishakitoa hapa hapa, wakati wa likizo."

Wakati wa likizo nilikuwa kwa mama. Mama ni fundi cherehani, na mimi nilishinda namkunjia nguo za wateja. Sijawahi kupasuliwa maishani mwangu. Hata sindano huwa naikimbia.

Nikadhani kasoma faili la mtu mwingine, nikamwomba asome tena. Jina langu. Tarehe yangu ya kuzaliwa. Namba yangu ya bima. Kila kitu changu, isipokuwa huo upasuaji.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Asubuhi ile nilishindwa kuamka. Tumbo lilikuwa linakata upande wa kulia chini, mpaka natapika. Hosteli nilikuwa nakaa chumba kimoja na rafiki yangu tuliyemwita Chuma. Jina alijipa mwenyewe. Tulipojisajili chuoni alikataa kulipa mchango wa bima, eti bima ni ya wazee, yeye mwili wake ni chuma. Tulicheka wee.

Chuma ndiye aliyenishika mkono mpaka kwenye teksi. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Aling'ang'ania twende zahanati ya mbali, wakati hospitali iko nyuma ya chuo. Nikamwambia we, mtu anakufa hapa halafu unataka kumtembeza? Dereva akatupeleka hapo hapo nyuma ya chuo.

Basi, daktari akasema maumivu yatakuwa ni ya kidonda cha ndani ambacho hakijapona vizuri. Nimeze dawa, nikapumzike. Nikaona hawa wanaenda kuniua. Nikapandisha blauzi mwenyewe.

"Daktari, nionyeshe hilo kovu."

Akainama, akapapasa, akatafuta. Hakuna. Nikajua nimeshinda.

Kumbe ndiyo nimejimaliza.

Daktari alikubali kwamba ni kidole tumbo na kinatakiwa kutolewa haraka. Lakini afisa wa bima aliyeitwa pale hakuwa na shida na tumbo langu. Shida yake ilikuwa kadi. Akasema mwenye kadi hii ana kovu, wewe huna, kwa hiyo wewe siye mwenye kadi. Umemwibia nani?

Nikatoa kitambulisho cha chuo. Akasema siku hizi hivyo vinachapishwa uchochoroni. Akaifungia kadi yangu, akataka pesa taslimu kabla sijaingia chumba cha upasuaji, na akamwita mlinzi asimame mlangoni.

Yaani mimi mwenye jina, nimegeuka mwizi wa jina langu. Jamani, niliogopa. Niliogopa kufa, halafu nikaogopa zaidi kufa nikiwa mwizi. Mama angeitwa aje kuchukua maiti ya nani?

Simu ya mama ilikuwa haipatikani. Chuma alikaa kando ya kitanda, kanishika mkono, hataki kuuachia. Nikadhani ni upendo.

Ghafla maumivu yakatulia.

Nikashusha pumzi, nikamwambia nesi namshukuru Mungu, nimepona. Nesi hakufurahi. Alinibonyeza tumbo, uso ukambadilika, akatoka mbio. Tulimsikia nje akimwambia daktari kwamba huenda kimeshapasuka.

Chuma akasimama. Nikadhani anamfuata nesi. Akaenda mpaka mbele ya afisa wa bima, akapandisha blauzi yake.

Kovu lilikuwepo. Upande wa kulia chini, bado jipya.

"Aliyepasuliwa ni mimi," alisema. "Huyu ndiye mwenye kadi. Mpasueni kwanza, mimi nipelekeni mnakotaka."

Hapo ndipo nikakumbuka. Nilipokuwa naondoka kwenda likizo nilimwachia kadi na kitambulisho, anipelekee ofisi ya wanafunzi wanihuishie bima. Picha ya kwenye kadi ilikuwa imefifia, yeyote mwenye nywele fupi angepita nayo.

Nilipasuliwa. Kweli kilikuwa kimeshapasuka, usaha umesambaa tumboni, na daktari mwenyewe aliniambia nilikuwa nakaribia kwenda. Bima ililipa sehemu tu, maana fungu langu la upasuaji la mwaka ule lilikuwa limeshaliwa. Mama aliuza cherehani yake kubwa, akabaki na ile ndogo ya mkono. Chuma alisimamishwa chuo.

Kabla hajaondoka alikuja kuniaga. Sikutaka hata kumwona, ila nilikuwa na swali moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa peke yangu hosteli, nakufa. Sina bima, sina hela, kadi yako iko mezani." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Na ningekupigia nikuombe, ungeninyima?"

Nilimgeuzia mgongo mpaka akaondoka, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Ningempa. Ningempa na pole juu, na ningelala usingizi mzuri nikijiona rafiki mwema. Na siku ya tumbo langu, yote yangekuwa vile vile.

Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko kisu cha daktari.

Wanachuo wenzangu, azimaneni sufuria, azimaneni viatu, hata godoro laleni wawili. Kadi ya bima na kitambulisho usimwachie mtu, hata awe pacha wako. Ugonjwa wa mwenzio ukiandikwa kwa jina lako, siku yako ikifika wewe ndiye utakayekuwa mgeni.

Na wewe unayejiita chuma, nenda kalipe huo mchango. Siku tumbo likikushika usilazimike kuwa mimi.