Maiti Aliyepiga Chafya

Sikuzani alinunua kitabu cha hadithi dukani Kwa Mathias, akakimaliza kwa hasira. Mke anaugua, mama mkwe anasema anajidekeza tu, anamfungia chumbani kwa kufuli, mke anakufa. Basi! Mwandishi kamzika kwa mistari miwili. Hivyo hivyo ndivyo alivyokufa dada yake Sikuzani, Anifa, na hakuna aliyeulizwa.

Huko kwao kisiwani Chole, wanawake hukaa barazani alasiri kusuka ukili wa mikeka, na kwa kuwa mikono yao ina kazi, Sikuzani ndiye huwasomea. Siku hiyo alikuwepo Bi Mwanamvua, aliyekuwa mama mkwe wa Anifa.

Alipofika penye kifo, Sikuzani akasoma yasiyoandikwa. Maji ya kuoshea maiti yalipomgusa yule mke, akapiga chafya! Waoshaji wakatimua mbio. Mke akainuka, akajitanda sanda iliyowekwa tayari, akaenda zake hadi kwenye jamvi la wafiwa, akaketi ana kwa ana na mama mkwe wake aliyekuwa akilia kuliko wote.

"Haya, mwambie!" wanawake wakapiga kelele.

Bi Mwanamvua alikuwa ameshaacha kusuka. Akaanza kukusanya miyaa yake ya kusukia. "Nimeacha chungu jikoni," akasema.

Sikuzani akakifunga kitabu, akakiweka mapajani, akamtazama usoni.

"Kaa kwanza, mama. Maiti bado hajasema ufunguo alikuwa nao nani."