Jina la Tatu Kwenye Jiwe la Kanisa

Kaka yangu aliniambia kwa simu kwamba jina lile halitolewi. Nikamwambia litatolewa. Tulianzia hapo.

Jina lenyewe ni la kaka wa babu yetu. Limechongwa kwenye jiwe lililo ukutani mwa kanisa la kwetu milimani, kushoto ukiingia, la tatu kutoka juu. Ni jiwe la wapagazi wa mtaa wetu waliochukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani na Waingereza, wakafia huko. Nililijua jiwe hilo kabla sijajua kanuni ya imani, kwa sababu watoto wa shule ya Jumapili ndio tuliopewa kazi ya kulisugua kwa majivu kila Pasaka ilipokaribia. Jina ulilolisugua kwa kidole utoto wako wote halikutoki. Hata sasa, nikiwa bibi kizee ninayeishi kwa binti yangu ghorofani Al Qusais, Dubai, huyataja yote kwa mfuatano ninapokunja nguo. Hapa sitayaandika. Ni majina ya kutajwa kwa kinywa, mbele za Mungu, na mimi huyataja.

Binti yangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, wa kiume. Wa kwanza alichukua jina la upande wa baba yake. Wa pili ni wa upande wetu, na mkwe wangu hakulipinga hilo. Nikachagua jina la tatu. Nilipoupekua ukoo mzima kichwani, wajukuu kwa vitukuu, sikumwona hata mmoja aliyeitwa hivyo. Nikasema Mungu ameniwekea.

Kaka ndiye aliyenieleza kwa nini hayupo. Kwetu, jina la marehemu halimrudii mtoto mpaka matanga yake yaanuliwe: watu wakae pamoja, walie, wanyoe nywele, waambiane kwamba fulani amekwenda. Matanga ya kaka wa babu hayakuanuliwa kwa sababu hakuna aliyeleta habari ya mahali alipolala. Kwa hiyo jina bado lina mwenyewe, na mwenyewe bado yuko njiani.

"Na jiwe je?" nilimwuliza. "Kanisa limeandika kwamba amekufa."

"Jiwe ni la wazungu. Matanga ni yetu." Kisha akaongeza lile lililonichoma. "Wewe ulikwenda huko kumpikia madam, ukasema miaka miwili. Binti akakufuata. Sasa mtoto anazaliwa huko huko, nawe unataka kumpa jina la mtu asiyerudi. Nani atamrudisha?"

 Nilijua ni hofu inayosema, wala si dharau, na nilimshukuru Mungu kwamba bado ninaye kaka wa kuniogopea. Lakini hofu yake haikuwa amri kwangu.

Nilimwendea mchungaji wa ibada yetu ya Kiswahili. Ni wa umri wa kitinda mimba wangu, mpole sana. Akasema ubatizo hauhitaji matanga, nimpe mtoto jina lolote jema, na kwamba mtu aliyefundisha katekisimu kama mimi angeachana na mila hizi. Nikamwambia nimefundisha katekisimu tangu yeye hajazaliwa, na nimefundisha kwamba siku ya ufufuo tutaitwa kila mtu kwa jina lake, hatutaitwa kwa mafungu. Mtu ameandikwa ukutani mwa kanisa, sisi tunampita kwenda kuketi, na hakuna aliyewahi kumlilia. Nikamwuliza hiyo ndiyo imani? Alicheka, akasema basi atasubiri tumlilie kwanza.

Nikaanza kutafuta wazao wa waliokwenda naye, huenda wana habari. Jiwe halisemi mtu alifia wapi, lakini kwetu jina linakuambia ukoo, na watu wa milima yetu hapa Dubai hawakosekani. Kila baada ya ibada nilisimama karibu na mlango, nikisikia lafudhi ya nyumbani nauliza: wewe wa nani, na babu yako wa nani? Vijana walianza kunikwepa, wakisema ukikutana na bibi huyu utaondoka na msiba. Mkenya mmoja kila akiniona alinyoosha mikono juu kama aliyekamatwa. "Shosho, mimi si wa huko. Niachilie."

Mwishowe nikaelekezwa kwa mtu mmoja anayefungua magari mabovu na kuuza vipuri, Ras Al Khor. Mkwe wangu alinipeleka siku yake ya mapumziko. Tulimkuta katikati ya marundo ya milango na injini, mtu mzima mwenye mvi ndevuni. Alinipa shikamoo, akaniuliza natafuta kipuri cha gari gani. Nikasema natafuta marehemu. Alicheka mpaka nilipotaja koo zilizo kwenye jiwe. Hapo akaiweka spana chini.

Baba wa babu yake alikwenda na wale watu, akarudi. Yeye mwenyewe hakujua zaidi ya hapo, ila shangazi yake kule nyumbani anajua. Akampigia pale pale, simu ameilaza juu ya boneti. Arbab wake, yaani tajiri aliyemwajiri, alimwita kutoka ndani, yalla, yalla, afanye haraka, naye akainua mkono tu bila kugeuka.

Shangazi alisimulia kama mtu anayeeleza mambo ya juzi. Babu yake alirudi mifupa mitupu, na kabla hajakwenda kwao alipitia nyumba tatu, kwa sababu watu watatu wa vilima vyetu walikuwa wamekufa kando ya mto mmoja wa kusini, kwa kuhara damu, wakati wa mvua. Aliwafukia yeye, akichimba kwa kifuniko cha debe. Katika nyumba mbili watu walilia. Katika nyumba ya tatu, mama wa marehemu alichukua mchi, akasimama kwenye lango la ua, akamwambia kwamba mwanawe anajua kuogelea, hakuna mto wa kumzuia. Aondoke, na akirudi arudi naye. Mvua zilipokwisha alikwenda tena, akafukuzwa tena. Siku jiwe lilipowekwa wakfu, mama yule hakuja kanisani. Tangu hapo ikawa mwiko kuleta neno hilo katika ua wetu, na yeye alipokufa, waliobaki walisema habari haikuja kamwe.

Kumbe ilikuja. Tuliifukuza kwa mchi.

Nilikuwa nimekaa juu ya kiti kilichong'olewa garini, na sikuinuka upesi. Nilimkumbuka yule mzee wa kwenye Maandiko aliyekataa kufarijiwa kwa ajili ya mwanawe, na kumbe mwana yu hai katika nchi ya ugeni. Hakuna mhubiri anayemlaumu. Mama yule alikataa vivyo hivyo, ila mwanawe hakuwa hai. Sikumwonea aibu. Ukaidi wangu najua sasa nilikoutoa.

Nilimweleza kaka yote. Akasema habari ya simu si habari. Mleta habari husimama uani, akasema kwa kinywa chake, na mwanamke wa nyumba hupokea.

"Basi atakuja," nikasema. "Ila kwangu."

"Huko una ua wewe?"

"Nina mlango."

Yule bwana alikuja jioni moja akitoka kazini, na ovaroli yake ya mafuta. Aliomba anawe kwanza. Nikamkatalia, baba wa babu yake hakuja amenawa. Simu tuliiegemeza kwenye chupa ya chai, sura ya kaka imejaa kioo kizima, na binti yangu amekaa nyuma yangu na tumbo lake. Mgeni akasimama nje ya kizingiti, mimi ndani. Jirani Mfilipino alipita na mifuko yake ya sokoni, akaomba radhi, akapita.

"Mama," yule bwana akasema, "tulikwenda wengi. Mwanao amebaki mtoni. Nimemfukia kwa mikono yangu. Nimekuja kukuambia."

Hatukuwa tumepatana aseme "mwanao".

"Nimesikia," nikasema. "Ingia ndani."

Nilidhani nitatulia, maana nimezika wengi na Mungu amenifundisha kuvumilia. Sikutulia. Nililia kwa sauti, kilio cha kwetu, mpaka milango ya korido ikafunguka na kufungwa. Kisha binti yangu akaninyoa kichwa kwa mashine ya mume wake, nami nikataja majina yote ya jiwe, tukaomba.

Kaka alikuwa bado yupo kwenye kioo. "Mimi sijakubali," akasema.

"Sikukuita ukubali, kaka. Nilikuita usikie."

Akakata simu.

Mtoto alizaliwa salama. Siku ya ubatizo mchungaji aliuliza jina, nami nikalitamka kwa sauti ya kufika mlango wa nyuma. Watu wa kwetu waliokuwapo walijua ni jina gani. Mmoja alishika kichwa. Wengine, na yule bwana wa Ras Al Khor mbele yao, wakasimama.

Kwaresima nzima kaka hakunipigia. Nilimwombea kila siku, na kila siku nilimwita mtoto jina lake kamili, bila kulikata.

Baada ya Pasaka ukaingia ujumbe wa sauti, mfupi. Alikohoa kwanza. "Babu hajambo? Ananyonya?"

Kwetu mtoto mwenye jina la mkubwa huitwa kwa heshima ya mkubwa huyo, hata na wazee. Niliusikiliza mara mbili. Kisha nikamjibu kwamba babu hajambo, ananyonya, lakini babu haamkiwi kwa simu. Mdogo ndiye humwendea mkubwa. Apande ndege, aje kumpa shikamoo.