Ua Bila Jina

Nikisikia harufu ya nta ikiyeyuka pamoja na ubani, huwa nasimama kabla sijajua kwa nini. Hata kanisani, wenzangu wamepiga magoti, miguu yangu inatafuta njia. Ndiyo ilikuwa harufu ya gundi ya baba yangu, wakati wa vita, kwetu Bunia.

Tulikaa mtaa wa Shari. Baba alikuwa fundi wa kupachika mawe ya rangi katika marimari, kazi aliyofundishwa na mzee mmoja Muhindi kule Kampala. Alichimba tundu kwa patasi ndogo, akapaka gundi ya moto, akakandamiza jiwe, akasugua kwa mchanga na maji. Kisha akapitisha ukucha juu yake. Ukikwama kidogo tu, anang'oa na kuanza upya. "Ukucha haidanganyi," alisema, na sisi njaa inatuuma.

Siku ile mama alikuwa amefunga mizigo tangu alfajiri. Anaifungua, anatoa sufuria, anaifunga tena. Risasi zililia, zikanyamaza, zikalia.

"Baba Neema, watu wote wamekwenda Komanda. Siye tunangoja mawe?"

Baba alikuwa amemwahidi jirani yetu jiwe la kaburi la binti yake Zawadi. Zawadi na mimi tulikaa dawati moja. Malaria ilimchukua dawa zilipokosekana. Kabila lao ndilo tulilokuwa tunaambiwa ni adui zetu.

Jiwe lilibakiza jani moja. Ua jekundu, majani ya kijani, na jina hakuna.

"Papa, jina iko wapi?"

"Ua inatosha."

Nikajua: mzee hakumaliza shule, anaona haya kukosea herufi. Mimi niliyekuwa wa kwanza kwa imla! Alipokwenda kuchota maji nikachukua msumari, nikakwaruza jina zima, pamoja na lile la ukoo, nikikaza mkono. Nilijiona mtu wa maana.

Baba aliporudi hakunipiga. Alitazama njia, akafunika jina kwa kiganja.

"Nani ameona?"

"Hakuna mutu."

Akaanza kulisugua jiwe upya. Mpaka saa nane mchana, huku mama amekaa juu ya mzigo, analia bila sauti, na milio inasogea. Nilimchukia baba, nasema kweli. Niliona anamfuta rafiki yangu. Mama Zawadi na kaka yake walipolibeba jiwe, tulitoka mbio, kwa miguu, wa mwisho katika mtaa wetu.

Miaka ilipita ndipo nikafika tena makaburini. Mawe yenye majina ya ukoo yalikuwa yamepondwa kwa nyundo, ya kwao na ya kwetu. La Zawadi lilikuwa zima. Nikapitisha ukucha pale nilipokwaruza jina, haukukwama, na aibu ikanishika.

Baba alikuwa ameshakufa. Miaka yote ile aliniacha niamini kwamba hakujua kuandika, na hakunisahihisha hata siku moja.