Jiwe la Nyuma ya Darasa la Sita

Nyuma ya darasa la sita palikuwa na jiwe kubwa, refu kupita paa, na katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha sayansi kwenye kijiji kile cha upande wa Ilongero sikuhitaji kifaa kingine. Mgongoni lilikuwa na vishimo vilivyotunza maji ya mvua. Maji yakikauka, watoto walikuta duara jeupe la chumvichumvi, nami sikulazimika kueleza mvukizo mara mbili. Mchana waliligusa kwa viganja na kuviondoa haraka. Asubuhi za Julai lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kwa joto na baridi hiyo lilibambuka maganda, maganda yakawa changarawe, na kwenye changarawe zikaota nyasi. Mtoto aliona udongo unavyozaliwa huku amesimama peku juu yake.

Kisha soko huria likafika hadi kwetu. Mjini zilifunguliwa shule za kulipia, na wazazi waliopeleka alizeti huko walirudi wakisimulia chumba cha sayansi chenye madirisha ya vioo. Mwalimu mkuu naye alikuwa ameahidiwa vifaa na mfadhili, mradi kijiji kijenge chumba. Ikaamuliwa kila kaya ichangie kokoto. Na kokoto zitoke wapi, kama si pale pale?

Nilibisha mkutanoni hadi sauti ikanikauka. Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyekuwa na wajukuu darasani kwangu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, Singida hii tutakosa mawe?"

"Mzee wangu, lile ndiyo maabara yenyewe."

"Maabara gani haina mlango?"

Watu wakacheka. Nilichukia, na hadi leo nachukia nikikumbuka, maana hakuwa mtu mbaya. Alitaka wajukuu zake wapate walichopata watoto wa mjini.

Walilivunja kama tunavyovunja mawe siku zote. Walipanga kuni na samadi kavu juu yake, wakawasha, wakauacha moto hadi jiwe likaiva, kisha akina mama wakalimwagia maji. Likapasuka kwa kishindo. Wanafunzi wangu walikuwa wamesimama kando, na msichana mmoja akawaeleza wenzake, bila kuulizwa, kwamba juu kumesinyaa ghafla wakati ndani bado kumetanuka. Alipatia kila neno. Nilitaka kumpongeza, nikashindwa. Roho iliniuma mno.

Chumba kilikamilika, tena kizuri, sakafu ngumu na vioo madirishani. Mfadhili hakuonekana. Mwalimu mkuu alimfuatilia mpaka akachoka, tukaishia kuhifadhi humo magunia ya mtama wa shule. Mawe mengine yapo, mzee hakukosea, lakini yaliyokuwa karibu yalipondwa yakapakiwa kwenye malori kwenda kujenga mjini, na yaliyobaki huwezi kuyafikia na kurudi ndani ya kipindi kimoja.

Miaka ikapita, wakaja watoto ambao hawakulikuta. Siku ya somo la udongo mmoja wao akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jiwe linabambukaje?"

Kwa mazoea nikageukia dirishani. Palikuwa na ukuta wa kile chumba. Basi mimi, mwalimu wa Singida, nikachukua chaki nikaanza kuchora jiwe.