Mama Chupa na Mdudu Asiye na Jina

Alianza kazi pale shuleni kama mfagiaji, na kama mwalimu wa biolojia wa enzi zile asingeumwa mgongo, angestaafu na ufagio mkononi. Mwalimu hakuweza kuinama kwenye rafu za chini, kwa hiyo alikuwa akimwita yeye: "Mama, hebu nipe huyo mjusi. Siye, huyo ni kinyonga." Ulipofika mwaka wa tatu hakuhitaji kuelekezwa. Alijua nani ana uti wa mgongo na nani hana, alijua popo si ndege na nyangumi si samaki, na kwamba buibui si mdudu hata akikutwa kona moja na mende. Wakampa koti jeupe lililompwaya mabegani, na cheo cha mtunza maabara. Wanafunzi wakampa cheo chao: Mama Chupa.

Mwalimu wa Kiswahili, jirani wa ukuta mmoja, hakuacha kumchokoza. "Mama Chupa, ngeli zetu za sarufi mmetuibia, mkawagawia wanyama. Haya, niambie, hawa wako ngeli gani?"

"Wote A-WA, mwalimu," alimjibu. "Ila wamekufa."

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa wiki ya chachu. Alikoroga hamira na sukari kwenye maji ya uvuguvugu, akajaza chupa sita, akazivika maputo midomoni, na wanafunzi wakayatazama yakiinuka taratibu kama watu wanaoamka. Chachu si mnyama, aliwaambia, wala si mmea. Ni ndugu wa uyoga. Kila moja ni chembe moja tu, isiyoonekana kwa macho. Inaota kinundu ubavuni, kinundu kinakua, kinajitenga, kinaanza maisha yake. Chakula chake sukari. Inachotoa ni gesi na pombe kidogo. Wakisikia pombe waliangua kicheko, na somo likaishia hapo.

Muhula mmoja alisahau chupa ya hamira wazi dirishani tangu Ijumaa. Jumatatu akaikuta imejaa vijinzi vya kawaida, vile vinavyofuata ndizi mbivu. Katikati yao walielea mbawakawa watatu, wadogo kuliko punje ya mtama, wekundu kama kutu, wenye mabawa magumu yaliyoishia nusu ya mgongo, kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Akawatazama kwenye hadubini mpaka shingo ikamuuma. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshika wadudu, na hawa hakuwajua.

Wakati huo mwalimu wa biolojia alikuwa binti wa umri wa mwanawe, mchangamfu, asiyeona haya kusema sijui. Wakakaa wote wawili na kitabu cha kutambulia wadudu. Himaya, wanyama. Faila, wenye miguu ya pingili. Ngeli, wadudu. Oda, mbawakawa. Familia nayo wakaipata, kwa jasho. Baada ya hapo kitabu kikagoma. Kila njia waliyofuata iliishia kwa mdudu mwingine.

"Mama," mwalimu alisema, "huenda huyu hajawahi kuandikwa na mtu yeyote."

"Acha mzaha, mwanangu."

"Sifanyi mzaha."

Walikotoka wadudu hao Mama Chupa aligundua mwenyewe. Nyuma ya maabara kulikuwa na miti mitatu mizee, na kila baada ya mvua magome yake yalichuruzika utomvu uliotoa povu na kunuka uchachu. Chachu ya porini ilikuwa inaishi humo, nao wadudu walikuja kuila. Ile chupa ya dirishani iliwapoteza njia tu. Aliizunguka mitaa yote ya jirani akinusa magome, watu wakimdhania amerukwa na akili. Hakuona mti mwingine wa aina hiyo.

Walituma wawili chuo kikuu, mmoja wakabaki naye. Jibu lilichukua miezi saba. Mtaalamu wa wadudu aliandika kwa adabu: vielelezo vilifika vimevunjika miguu, na vyote viwili ni majike. Inawezekana kabisa ni spishi mpya, ila kinachozitofautisha spishi hizi kiko kwa madume, na bila wao hakuna wa kuthubutu kuipa jina. Tuleteeni madume. Mama Chupa aliisoma barua hiyo mpaka mikunjo ikachanika. Alijaza vichupa kumi spiriti, akaviandika tarehe, akasubiri mvua.

Kabla mvua haijafika, uvimbe wa tumboni aliokuwa akiufumbia macho ukamwangusha darasani. Akapasuliwa, akalazwa wiki tano. Mvua ilianza akiwa kitandani. Aliisikiliza juu ya bati la wodi, akihesabu siku.

Mdogo wake, fundi seremala, alikuja kumwona siku ya Jumapili akiwa na uso wa sherehe.

"Dada, nimepata kazi kubwa. Paa la ukumbi mpya wa shule yenu, lote langu! Na mbao sikuzitafuta mbali, ile miti iliyokuwa inakuchafulia dirisha."

"Miti gani?"

"Si ile mitatu ya nyuma? Tumeshaiangusha. Sasa utapata mwanga, dada yangu."

Aligeukia ukutani. Mdogo wake alidhani ni kidonda, akamwita muuguzi.

Aliporudi kazini alikuta visiki vitatu vyeupe na vumbi la msumeno lililoganda kwa maji. Mwalimu wa biolojia alikuwa amekwenda kwa mkuu wa shule kuitetea miti, barua ya chuo kikuu mkononi, akaulizwa kama anataka wanafunzi wanyeshewe kwa ajili ya kidudu. Muhula uliofuata alihamishwa. Yule mdudu mmoja waliyebaki naye, kizibo cha chupa yake kililegea, spiriti ikakauka, na kilichobaki kilikuwa unga mwekundu usiojaa ukucha.

Kwa miaka miwili Mama Chupa alitega hamira kila mahali: dirishani, kwenye visiki, nyuma ya soko la matunda, mpaka bustani ya hospitali. Alipata vijinzi, na vijinzi, na vijinzi. Mdogo wake alipokuja kuelewa alichofanya, alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia.

"Ungeniambia, dada."

"Ningekuambia nini? Hata jina hana."

Mama Chupa aliandika chuo kikuu mara ya mwisho, kwa mwandiko wake wa duara. Akajibiwa kwa kadi fupi kwamba yule mtaalamu amestaafu, na vielelezo visivyokamilika huwa havihifadhiwi.

Muhula huo huo wiki ya chachu ikafika. Akakoroga hamira, akavika maputo. Msichana mmoja wa mbele aliuliza kama wanyama wote duniani wameshajulikana. Mama Chupa alikaza puto lililokuwa linataka kuchomoka.

"Wengine hawatajulikana," alisema, akamwambia afungue daftari.